Swali la Joto Ulilolicheka

Tunduma, Jumamosi mchana

Tusekile,

Wewe mtoto huna adabu. Naanza hivyo ili usisome mistari miwili ukadhani bibi amekuandikia barua ya kukubembeleza. Nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumanne, na siku zote hizi nimekupikia, nimekukunjia nguo, nimekaa na wewe sebuleni tukitazama taarifa ya habari, na hasira yangu nimeikalia kama mtu aliyekalia kigoda. Sasa umetoka kwenda kuagana na rafiki zako, nyumba imetulia, nimechukua kalamu.

Umezoea nikuite mke mwenzangu, kwa sababu babu yako alikuita mchumba wake mpaka anaingia kaburini. Leo hakuna mke mwenza hapa. Utani nimeuweka kando, ukitaka nikurudishie utaufanyia kazi.

Mambo ya kula na kulala, ya kufunga mlango, ya wanaume, mama yako ameyasema wiki nzima, tena kwa kurudia. Dodoma unakokwenda kufundisha kuna jua na vumbi, utaviona mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la darasani kwako.

Najua utasema bibi aliyeishia darasa la nne anaingiaje kwenye darasa la chuo. Naingia, tena kwa miguu yote miwili. Nimechoma matofali katika mji huu zaidi ya miaka thelathini. Ukitembea Chapwa, ukitembea Mpemba, kuta unazoziona nyingi zimepita kwenye moto wangu. Hilo somo lako la thamodainamiki, jina lake nimelinakili hapa kutoka kwenye jalada la daftari lako, herufi kwa herufi, na sijui kama nimelipatia. Lakini linahusu nini nalijua. Ulinieleza mwenyewe ulipokuja likizo mwaka wa kwanza. Ulisema ni habari ya joto, linatoka wapi, linakwenda wapi, kazi gani linafanya njiani na ni lipi linapotea lisirudi tena. Nikakwambia, kumbe serikali imemchukua mjukuu wangu miaka yote hii akajifunze kazi yangu! Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Kile kilikuwa kicheko kizuri. Sasa nakuja kwenye kicheko kibaya.

Mwezi wa sita ulirudi kutoka kwenye kile chuo ulichoshikizwa muhula mmoja, kwa nafasi ya mwalimu aliyekwenda kujifungua. Jumapili tumetoka kanisani tunakula, wewe, mimi na mama yako. Ukatusimulia vituko vya wanafunzi wako, wale wanaosomea ualimu wa fizikia na kemia. Nayakumbuka maneno yako yote.

"Kuna binti mmoja kaniua," ulisema. "Nimeandika ubao mzima, nimefika katikati ya somo, ananyoosha mkono. Haya, uliza. Anasimama, anauliza kwa Kiswahili, tena kile cha milimani kabisa: Madam, joto la moto na joto la homa ni joto lile lile?"

Mama yako akauliza, "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, mwenye homa aende zahanati, hapa ni chuo. Rudi ukiwa na Kiingereza cha kuulizia. Weee! Darasa zima chini. Mpaka nafunga muhula wanamwita Joto la Homa."

Mama yako hakucheka. Mimi nilicheka. Nilicheka na tonge mdomoni, nikapaliwa, ukanipiga mgongoni, tukacheka tena wote wawili. Kwa hiyo usome barua hii ukijua kuwa nimewakasirikia watu wawili, na mmoja wao ni huyu anayeandika.

Sasa Jumanne nilikwenda Vwawa. Nikaingia sokoni kununua maharage, nikamkuta mama mmoja na magunia yake, mama wa makamo, kafunga kitenge kifuani.

"Bibi, karibu, haya ya Ileje, msimu huu huu. Yanaiva upesi."

"Yanaiva upesi kwenye mdomo wako," nikamwambia. "Pima kilo mbili."

Akacheka, akapima. Tukagundua kwao na kwetu ni vilima viwili vinavyotazamana, tukahamia kwenye Kindali, na unajua nikiingia kwenye Kindali sitoki. Nikamuuliza mbona anabeba magunia mwenyewe, hana watoto wa kumsaidia?

"Yupo mtoto wa dada yangu," akasema, "yuko Itumba kakaa tu. Alikuwa chuo, anasomea ualimu wa fizikia na kemia. Kaacha."

"Mimba?"

"Bora ingekuwa mimba, bibi, tungelea. Ni kicheko."

"Kicheko gani kinachomtoa mtu chuoni?"

"Kuna mwalimu alimcheka mbele ya wenzake. Wakampachika jina. Akienda bombani, Joto la Homa. Akipanga foleni ya chakula, Joto la Homa, kaa mbali utatuambukiza. Mvulana mmoja akawa anamgusa paji la uso kila asubuhi mlangoni, eti anampima. Alivumilia mpaka siku moja akafunga begi. Sasa ukimtajia chuo anainuka anatoka nje. Jumatatu anakwenda Saza kupikia wachimbaji wa dhahabu, ameshapata mtu wa kwenda naye."

Tusekile, mikono yangu ilikuwa kwenye maharage. Nilikuwa nachambua. Ikasimama.

"Huyo mwalimu ni nani?" nikauliza, na tayari nilikuwa najua.

"Mimi simjui. Madam Tusekile, sijui. Jina zuri, la kwetu kabisa. Ndiyo maana mtoto aliuliza kwa Kiswahili. Alidhani amempata dada."

Soma tena hapo. Alidhani amempata dada. Jina hilo mimi ndiye niliyekupa. Ulizaliwa baada ya mama yako kupoteza wawili, nikakupokea kwa mkunga, nikasema kwa sauti, Tusekile, tumecheka kwa furaha. Sikusema tumecheka watu.

Na mimi nilifanya nini? Mimi ninayejulikana soko la Tunduma lote kwa mdomo, niliyewahi kumrudisha dereva wa tipa na mzigo wake wa kuni mbichi mbele ya watu? Nilinyamaza. Sikumwambia yule mama kuwa Madam Tusekile amelala nyumbani kwangu. Nikasema, "Ongeza kilo mbili," nikalipa, nikaondoka nimebeba maharage nisiyoyahitaji, kwa aibu. Ndiyo hayo umeyala Jumatano na Alhamisi.

Hata hivyo nilitaka kukutetea. Njiani nilisema labda swali lenyewe lilikuwa la kijinga kweli, labda mtu anayeuliza vile hastahili chuo. Ndiyo maana jioni ile ulipokuwa unaosha vyombo nikakuuliza, kama mtu asiye na neno, "Hivi lile swali la yule binti wa homa, jibu lake ni nini?"

Hukugeuka hata. Ukasema, "Bibi, hilo ndilo somo lenyewe. Watu wanachanganya joto na ukali wa joto. Kiingereza kina maneno mawili, sisi mtaani yote tunaita joto, hata hilo neno halijoto wanalikariri tu. Nusu ya darasa wanafelia hapo hapo."

"Kwa hiyo aliuliza sawa?"

"Aliuliza sawa."

"Sasa kosa lake nini?"

"Hakuuliza kwa Kiingereza, bibi. Mtihani ni wa Kiingereza. Nikianza kuwatafunia, huko mbele nani atawatafunia?"

Ukasuuza sahani, ukaipanga. Nikatoka nje kwenda kutazama mbuzi ambao walishafungwa tangu jioni. Nisingetoka ningekurushia mwiko.

Aliuliza sawa, na ulijua. Hapo ndipo panaponiuma. Ungekuwa hujui ningesema ni ujinga, ujinga unafundishika. Wewe ulisimama mbele ya mtoto aliyeweka kidole chake pale pale penye jipu, wa kwanza katika darasa zima, ukamwambia aende zahanati ili wewe uonekane mkali. Wale wengine waliokaa kimya wakiandika Kiingereza chako walikuwa wameelewa? Nusu walifeli, umesema mwenyewe. Hao waliofeli kwa Kiingereza kizuri hukuwacheka.

Na usiniambie hujui kufundisha. Ningekubali kama hujui. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha tano, nilirudi kutoka Kamsamba kwenye msiba wa shangazi yako nikiwa na jambo linanisumbua? Kule bondeni maharage yalikuwa yanaiva kabla wanawake hatujamaliza kuimba, na huku kwetu juu, maharage yale yale, sufuria ile ile, unakesha nayo. Nilidhani ni maji ya kule. Wifi zangu walidhani ni kuni. Nikakuuliza wewe, msichana wa miaka kumi na minane na nywele zako fupi za shule, na hukunicheka.

Ulinishika mkono ukanipeleka jikoni. Ukasema, bibi, hewa ina uzito, inayakalia maji. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanawahi kuruka kabla hayajawa makali sawasawa. Yanachemka, ndiyo, lakini kuchemka kwa huku ni kuchemka kwa hasira ndogo. Kisha ukachukua mfuniko, ukaweka jiwe juu yake, ukasema sasa tumeyaongezea wa kuyakalia, subiri uone. Tukasubiri tumekaa kwenye vigoda, ukiniuliza kila mara, "Umenielewa bibi, au nianze upya?" Maharage yaliiva mapema siku ile. Sijui kama ni sana au kidogo, lakini tangu siku ile mfuniko wa jikoni kwangu una jiwe lake.

Nani alikufundisha kusema hasira ndogo? Hakuna kitabu chenye hayo. Uliyatunga pale pale kwa sababu ulitaka nielewe. Ulikuwa mwalimu, Tusekile, kabla hawajakupa cheti. Chuo Kikuu wamekupa cheti wakakunyang'anya nini?

Najua walikunyang'anya nini. Sijasahau simu yako ya mwaka wa kwanza, unalia mpaka maneno hayatoki, umesimama kutoa mada na wenzako wa mjini wamekucheka unavyotamka. Walikuita Mama Ileje. Ulikaa wiki bila kufungua mdomo darasani. Nilikwambia vumilia, na ukavumilia, ukajifunza kutamka kama wao. Nilijivunia. Sikujua kuwa ulikuwa unakusanya fimbo ile ile uje umchape nayo mtoto mwingine wa mlima ule ule. Umewaacha wote waliokucheka, hukumgusa hata mmoja, ukaja kumpata aliye chini yako.

Nimeandika mpaka hapa nikainuka kunywa maji. Linalofuata sitaki kuliandika, nalo ndilo lililonikalisha chini.

Unaujua mguu wa kushoto wa mama yako. Umekua ukiuona, ngozi ile iliyokunjamana kuanzia kifundoni kwenda chini, na vidole viwili vilivyoshikana. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaupaka mafuta ukimuuliza bado unauma. Mmekuwa mkiambiwa ni uji. Uji ulimwagika.

Haukuwa uji.

Mama yako alikuwa darasa la saba, umebaki mwezi mmoja wafanye mtihani. Nilikuwa na tanuru kubwa kule Chapwa, kubwa kuliko yote niliyowahi kupanga. Tulilichoma siku tatu, tukaziba midomo yake kwa tope, tukaacha lipoe. Tanuru la ukubwa ule unaliacha wiki mbili. Siku ya tano mwenye mzigo akaja na lori, ana haraka, mafundi wake wamekaa bure. Akaniambia, "Mama, nasikia wewe ndiye fundi, au nikachukue kwa fulani?" Fulani huyo alikuwa mwanamume mpya mjini, na mimi kichwa changu kikavimba.

Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Ulikuwa mwezi wa nane, upepo wa asubuhi unakata masikio, tope la nje limepoa kama tope lingine lolote. Nikasema tunafungua.

Mama yako alikuwa amekuja kusaidia kabla ya kwenda shule. Alikuwa amepanda ngazi anatazama juu. Akasema, "Mama, huku juu tope limepasuka, ukiweka uso unapigwa na hewa. Joto limekwisha kweli, au limejificha?"

Mbele yangu palikuwa na mwenye mzigo, dereva wake, na wasaidizi wangu wanne. Nikamjibu, "Joto ni panya lijifiche? Nani fundi hapa, wewe au mimi?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, atuletee paka amkamate." Wakacheka zaidi. Mama yako akainamisha kichwa. Nikamwambia apande atoe matofali ya juu, kwa sababu aliye mwepesi ndiye anayepanda, ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Akapanda. Hakubisha tena, ulishawahi kumwona mama yako akibisha? Mimi ndiye niliyemwachisha kubisha.

Akakanyaga, safu ya juu ikaachia, mguu ukazama. Ndala iliyeyukia mguuni. Nisingekuandikia hilo, lakini unasomesha watu habari ya joto, basi ujue.

Zahanati muuguzi akauliza imekuwaje. Nikasema uji. Mama yako alikuwa amelala pale, akanitazama, akageuzia uso ukutani akasema, "Ndiyo, ni uji." Mtoto wa miaka kumi na minne alinifichia aibu yangu. Mtihani ulimkuta kitandani. Mwaka uliofuata mwalimu wake alikuja kuniomba arudie darasa, nikasema kazi ni nyingi, anisaidie kwanza. Kwanza hiyo haikuisha. Ndiyo maana mama yako anauza vitenge, na ndiyo maana kila daftari lako la shule alilifunika kwa gazeti kwa mikono yake, moja moja, mpaka unamaliza.

Aliuliza sawa. Ukuta ulikuwa umepoa na ndani kulikuwa na joto la kuua. Mimi nilipima ukali wa nje kwa kiganja nikadhani nimepima joto lote. Swali lake na swali la yule binti wa Itumba ni swali moja, na wote wawili walijibiwa kwa kicheko, na wote wawili wameacha shule. Usitafute namna ya kuyatenganisha. Nimejaribu tangu Jumanne, hayatengani.

Wewe unajua jibu. Mimi nalijua nusu, kwa mikono. Cheche ikiruka kutoka kwenye tanuru ikanitua mkononi naipangusa tu, sina habari nayo. Ndoo ya maji ya moto ikinimwagikia nazikwa. Na cheche ni kali kuliko maji, inang'aa kabisa, lakini ni ndogo, haina ilichobeba. Madereva wa malori wanaolala kwenye foleni ya mpakani wanajua kuwa injini iliyozimwa bado haijamaliza maneno yake, hawafungui mfuniko wa rejeta mapema. Wengine walifungua, uliza nyuso zao. Mji mzima huu unafundisha somo lako, wewe unakwenda kusimama na picha za silinda ambazo hakuna aliyewahi kuzishika.

Sisemi usiwafundishe Kiingereza. Wafundishe, wakabane na mtihani, wawe na maneno yote mawili. Lakini mtu akikuuliza kwa lugha aliyonyonya nayo, ujue amekuonyesha ndani ya tanuru lake. Ukimcheka hapo anaziba kwa tope, na nje utaona pamepoa, utasema darasa langu lina nidhamu. Nilikuwa na wasaidizi wenye nidhamu mimi, walikuwa wakicheka upande wangu.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako kuwa nakuandikia habari ya mguu. Alikuwa anachambua mchicha uani. Nilidhani atasema niache, yamepita. Hakuinua macho. Akasema, "Mwambie." Akachambua kidogo. "Na umwambie sikuwa mjinga."

Miaka yote hiyo, Tusekile, ndilo alilokuwa analisubiri, nami sikuwahi kumwambia. Nimemwambia leo, nimesimama na fagio mkononi kama mtu aliyetumwa. Akasema, "Haya." Sijui kama imetosha. Nadhani haijatosha. Nimechelewa sana, na kuchelewa kwangu hakuna jiwe la kuwekewa juu kukaiva haraka. Wewe umechelewa miezi miwili tu.

Kwa hiyo sikiliza, na usinijie na maelezo.

Kesho hupandi basi la Dodoma. Nimekwenda stendi mwenyewe na tiketi yako, niliitoa kwenye mkoba wako, ndiyo, nimekuibia, nimeibadilisha iwe ya Jumanne. Unaripoti Alhamisi, kwa hiyo usiniambie kazi itapotea. Nimeongea pia na yule mama wa maharage. Namba yake nilimwomba Jumanne bila kujua naiombea nini, jana nikapiga nikamwambia mimi ni nani na wewe ni nani. Akanitukana, nikamwacha amalize, alikuwa na haki. Mwisho akanielekeza nyumba. Binti anaitwa Atuganile. Uliwahi kulijua jina lake, au unalijua lile mlilompa tu?

Utakwenda Itumba. Unavuka kanisa, unapandisha kushoto mpaka nyumba ya bati jekundu yenye migomba nyuma. Hutafika kama madam. Utapiga hodi, utapiga magoti kwa wazazi wake kama mtoto aliyelelewa, na hutamwita pembeni mkayamalize wawili, kwa sababu hukumwaibisha pembeni. Mbele ya baba yake, mama yake na yeyote atakayekuwa amekaa pale utasema, swali lako lilikuwa sawa, mimi ndiye niliyekosa. Maneno hayo hayo, usiyapambe. Akitoka nje, msubiri. Akikutukana, msikilize mpaka achoke. Akikataa kukuona, kaa hapo hapo mpaka jioni, lala kwao wakikupa mkeka, asubuhi uanze tena, ila Jumatatu gari la Saza lisimchukue hujasema.

Akikubali kukaa, mjibu swali lake. Lote, kwa Kindali, mpaka aseme ameelewa yeye, si mpaka uchoke wewe. Kisha hapo hapo, mbele yake, mpigie simu mkuu wa idara wa kile chuo, umweleze ulichofanya bila kujipunguzia, na umwombe ampokee muhula ukifunguliwa. Yule mama anasema nafasi yake bado haijafutwa.

Barua hii nimeiweka juu ya begi, si ndani, uione kabla hujafunga zipu. Ukimaliza kuisoma usije chumbani kwangu kulia, sitafungua. Nenda kwanza kwa mama yako, umwambie umesoma. Viatu vya kutembelea viko mlangoni, njia ya kwao ni mlima. Gari la kwanza la Itumba linatoka Mpemba saa kumi na mbili asubuhi. Uwe umekaa ndani yake.

Bibi yako